Kuongeza si Kubadilisha

Apitaye nyuma ya majengo ya ofisi nyingi za umma, Unguja na Pemba, hakosi kuyaona magari yaliyosimamishwa juu ya mawe. Nyasi zimeota chini yake, kuku wametaga katika viti vyake, na namba zake za usajili bado zinasomeka. Ukiuliza maradhi gani yaliyoyaua, utajibiwa kwa neno moja, nalo ni "uchakavu". Sisi hatukutosheka na jawabu hilo. Tumewauliza mafundi waliyoyafungua, na aghalabu wao hutaja mambo mengine: injini iliyokwama kwa kukosa oili safi, silinda hedi iliyopinda kwa joto, giaboksi iliyoungua kwa kutiwa mafuta yasiyokuwa yake. Kwa ufupi, mengi ya magari hayo yaliwahi umri wake. Yalikufa kwa sababu mafuta na maji yanayozunguka ndani yake hayakubadilishwa kwa wakati.

Wako watakaosema kuwa jambo hili ni dogo, tena ni la gereji, na halistahiki kuzungumzwa katika safu hii. Hatukubaliani na rai hiyo. Gari la Serikali limenunuliwa kwa kodi ya mkulima, mvuvi na mfanyabiashara. Gari la mtu binafsi, liwe la biashara au la familia, limenunuliwa kwa akiba ya miaka mingi au kwa mkopo unaolipwa kwa taabu. Yote hayo huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni tusizokuwa nazo kwa wingi. Aidha, kama tutakavyoeleza, limo ndani ya jambo hili suala la roho za watu.

Mwaka 2022, katika msimu wa karafuu, tulikuwa Pemba kwa shughuli za ukaguzi wa miradi. Tulichukuliwa Mkoani kwa pikapu ya ofisi moja ya umma kuelekea Chake Chake. Mbele tulikuwa wawili pamoja na dereva, mtu mzima mwenye uzoefu wa miaka mingi, na nyuma walikuwamo wenzetu sita na mizigo yao. Kila aijuaye Pemba anafahamu kuwa njia zake hupanda na kushuka bila ya kupumzika, na kona zake hazimwonyeshi dereva kilicho mbele. Tulikwisha kupita Mtambile na tulikuwa tukishuka kilima kirefu. Kandokando ya barabara yalikuwa yametandikwa majamvi ya karafuu, na watoto walikuwa wakizigeuza kwa miguu yao. Dereva akakanyaga breki, na mguu wake ukashuka mpaka chini kama anayekanyaga pamba. Akakanyaga mara ya pili na ya tatu. Kisha akasema kwa sauti ya utulivu, "Jamani, shikeni. Breki hamna."

Akaingiza gia ya pili, injini ikalia kwa nguvu, akavuta breki ya mkono na kuliegemeza gari katika kingo ya udongo upande wa kushoto, mita chache tu kabla ya jamvi la kwanza. Hakuumia mtu. Tulishuka tukiwa hatuna la kusema, na bibi mmoja mwenye karafuu zile akatuletea maji ya kunywa.

La kushangaza ni kwamba baada ya nusu saa breki zilirudi kama kwamba hapakuwa na lililotokea. Tulikwenda polepole mpaka Chake Chake, na huko fundi akafungua kikopo cha mafuta ya breki. Mafuta hayo yakiwa mapya huwa meupe au ya manjano hafifu. Yale tuliyoyaona yalikuwa meusi kama kahawa ya barazani. Fundi akauliza, "Mzee, haya yamebadilishwa lini?" Dereva akajibu kwa unyofu, "Yakipungua huongezwa. Kubadilishwa sijawahi kuona, na gari hili nimelipokea mimi mwenyewe tangu lilipoletwa." Akaongeza kuwa fomu ya maombi ya matengenezo alikwisha kuiandika mara mbili, nayo imerudi mara mbili kwa maelezo kuwa hakuna kifungu.

Katika maneno ya mzee yule umo msiba wote tunaouzungumza leo. Sisi huongeza, wala hatubadilishi. Kikopo kikishuka tunakijaza, na tukiona kimejaa nyoyo zetu hutulia. Lakini mafuta machafu yakiongezwa mafuta mapya hubaki kuwa machafu, kama maji ya birika la msikiti yaliyooza yasivyotakasika kwa kumiminiwa ndoo moja ya maji safi.

Yafaa kwanza tukumbushane magari haya hutufikaje. Mengi ya magari yanayoteremshwa katika bandari zetu yamekwisha kutumika Japani, nchi ambayo watu wake huendesha upande wa kushoto kama sisi. Huko, gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, na baada ya hapo kila miaka 2. Ukaguzi huo una gharama zake, na kadiri gari linavyokua ndivyo mwenyewe anavyoona bora aliuze kuliko kuendelea kulilipia. Basi gari huuzwa, hukaa uwanjani likisubiri mnunuzi, hupakiwa melini, huvuka bahari, na hukaa tena kwa muuzaji au bandarini. Katika muda wote huo hapana mtu anayeyafikiria mafuta yake. Mwenye kuliuza anajua kuwa linaondoka, na mwenye kulinunua hutazama rangi, viti na redio.

Hata hivyo, mara nyingi gari huja na khabari zake. Kwenye fremu ya mlango wa dereva, au chini ya boneti, hubandikwa karatasi ndogo inayoonyesha tarehe ya mwisho ya kubadilishwa oili na kilomita zilizosomeka siku hiyo. Kwetu karatasi hiyo imekuwa pambo, kwa kuwa imeandikwa Kijapani na miaka yake haifanani na yetu. Lakini tarakimu hazihitaji mkalimani. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza mwaka 1989 na kumalizika mwaka 2019, na papo hapo ikaanza enzi ya Reiwa. Anayekuta mwaka 28 wa Heisei na ajumlishe 1988, atapata 2016. Anayekuta mwaka 3 wa Reiwa na ajumlishe 2018, atapata 2021. Mara nyingine herufi H au R hutangulia tarakimu hizo ili kutofautisha enzi mbili hizo. Mwenye gari akifanya hesabu hii ndogo ataweza kujua oili iliyomo ndani ya injini yake ina umri gani, na ataweza pia kulinganisha kilomita za karatasi na zile za mita, ili ajue kama ameuziwa ukweli au uongo.

Tunapowaeleza wenzetu habari hizi, jawabu linalotujia kila mara ni moja: "Kisiwa chetu kidogo. Gari langu haliendi mbali." Hoja hii ina sura ya ukweli, na ndiyo inayotuponza. Unguja haifiki hata kilomita 90 kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini, na gari la mfanyakazi wa mjini huweza kumaliza mwezi mzima bila ya kutimiza kilomita 500. Lakini mafuta na maji ya gari huzeeka kwa mambo mawili, mwendo na wakati. Kwa baadhi yake wakati ndio mla mkubwa zaidi, na hewa ya kisiwani yenye unyevu na chumvi huusaidia wakati katika kazi hiyo.

Wazee wetu mabaharia hawakuhitaji kuelezwa jambo hili. Chombo kilipofika wakati wake kilipwelezwa ufukoni, kikatiwa kalafati katika maungio ya mbao, kikapakwa deheni ya chokaa na shahamu chini na sifa ya papa juu. Nahodha hakuuliza kama mwaka ule chombo kilifika Bara Hindi au kiliishia Tanga. Alijua kuwa mbao zinakaa majini, na chango la baharini halihesabu safari. Sisi wajukuu wao tumerithi bahari, lakini desturi ile tumeiacha ufukoni.

Sasa tuyatazame mafuta na maji hayo moja baada ya jingine, tukianza na oili ya injini, kwa kuwa ndiyo ijulikanayo zaidi. Oili hulainisha vyuma visisagane, huchukua joto, hubeba masizi na uchafu, na huzuia kutu. Kuwa kwake nyeusi si ubovu peke yake, kwani oili njema huwa nyeusi kwa sababu inafanya kazi ya kusafisha. Lakini mzigo inaoubeba una mwisho wake. Ukipita kiasi, oili hugeuka tope, tope huziba tundu za kupitia na chujio la chini, na injini huanza kugonga. Injini ikigonga, muda wa nasaha umepita, na kilichobaki ni gharama.

Daladala inayotoka Mwanakwerekwe kwenda mjini husimama kila kituo, na injini yake hunguruma hata magurudumu yakiwa hayazunguki. Kilomita hazisogei, lakini oili inachoka. Gari la nyumbani nalo huwashwa kwa safari ya dakika tano, likazimwa kabla injini haijapata moto kamili. Petroli isiyoungua na mvuke wa maji huingia katika oili, na kwa kuwa safari ni fupi haviwahi kuchemka vikatoka. Kwa hali hiyo, mwenye kutumia oili ya kawaida asizidishe kilomita 5,000 au miezi 6, lolote litakalotangulia, na kila anapobadilisha oili abadilishe na filta yake. Aidha, ainunue oili iliyotajwa na mtengenezaji wa gari. Katika maandishi kama 5W-30, tarakimu ya kwanza yenye herufi W huonyesha wepesi wa oili injini ikiwa baridi, na ya pili huonyesha uzito wake katika joto la nyuzi 100. Magari mengi ya Japani ya miaka hii yametengenezewa oili nyepesi. Mwenye kuyatia oili nzito kwa kuamini kuwa uzito ndio ubora huchelewesha oili kufika juu ya injini kila asubuhi, na asubuhi ndipo vyuma vinapoihitaji zaidi.

La pili ni maji ya rejeta. Gari huja na maji ya rangi, mekundu, ya kijani au ya waridi, na fundi wetu humwaga akasema kuwa hiyo ni dawa ya nchi za baridi ya kuzuia barafu, nasi huku hatuna barafu. Kisha hujaza maji ya kisima. Ni kweli kuwa dawa hiyo huzuia barafu, lakini hiyo ni kazi yake moja tu. Kazi zake nyingine ni kuyafanya maji yachelewe kuchemka na kuvikinga vyuma visiliwe na kutu, na kazi hizo zinahitajiwa Makunduchi na Micheweni kuliko mahali penye theluji.

Ardhi ya Unguja kwa sehemu kubwa ni ya mawe ya matumbawe, na maji yapitayo humo huchukua chokaa. Kila mama wa nyumba anaujua utando mweupe unaoganda ndani ya birika la chai. Utando huohuo huganda ndani ya mirija myembamba ya rejeta, na hakuna anayeuona. Visima vya karibu na pwani huongeza chumvi juu ya chokaa, na chumvi hula aluminiamu, madini ambayo silinda hedi za magari mengi ya sasa hutengenezwa kwayo. Injini ikianza kupata moto, tiba ya haraka ya baadhi ya gereji ni kuitoa thamostati na kuitupa. Injini hupoa kwa muda, kisha hutembea ikiwa baridi kuliko inavyotakiwa, hula petroli nyingi zaidi na huchafua oili upesi. Ugonjwa wenyewe, yaani rejeta iliyoziba, umebaki palepale. Tiba ya kweli ni kuisafisha rejeta na kutia dawa iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, si ya kisima. Dawa ya kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka 2, na zile za muda mrefu kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto, kwani maji yaliyobanwa hupita nyuzi 100 bila ya kuchemka, na ukiufungua huruka yote usoni.

La tatu ndilo lililotaka kututoa roho kule Pemba. Mafuta ya breki yanayotumika katika magari yetu karibu yote yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani. Huyanyonya kupitia mipira na pumzi za kikopo, taratibu, mchana na usiku, gari likitembea au likilala. Kwa viwango vinavyofuatwa kimataifa, mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakinyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 tu, kiwango hicho cha chini hushuka mpaka nyuzi 140. Yale ya DOT 4 hushuka kutoka nyuzi 230 hadi 155. Katika njia tambarare ya mjini dereva hatambui tofauti. Lakini gari lenye mzigo likiteremka vilima mfululizo, pedi za breki huwaka moto, moto huo huingia katika mafuta, na maji yaliyomo huchemka yakawa mvuke. Mafuta hayabaniki, na ndiyo sababu yanafikisha nguvu ya mguu kwenye magurudumu. Mvuke hubanika. Mguu wa dereva ukawa unaubana mvuke, na nguvu haikufika popote. Gari lilipopoa, mvuke uligeuka maji tena, na breki zikarudi. Hii ndiyo hatari yake: ushahidi hujificha, na baada ya ajali dereva hulaumiwa kwa uzembe ambao huenda si wake.

Mafuta ya breki yabadilishwe yote kila baada ya miaka 2, gari liwe limetembea au limelala. Kikopo kilichofunguliwa na kuachwa katika rafu ya duka au gereji kimekwisha kuanza kunywa unyevu, na kisitumike. Wala asithubutu mtu kuongeza oili ya injini katika kikopo cha breki kwa sababu tu imekuwa karibu. Oili hiyo huivimbisha mipira ya breki na kuiharibu yote. Na ikiwa mafuta ya breki yanapungua, tusikimbilie kuongeza kabla ya kuuliza yamekwenda wapi. Ama pedi zimekwisha, ama pana mahali panapovuja.

La nne ni mafuta ya giaboksi ya otomatiki. Hapa tutasema machache ila ni ya msingi. Magari mengi madogo yaliyotengenezwa Japani katika miaka ya 2000 na kuendelea yana giaboksi ya aina ya CVT, ambayo haina gia za meno za kupanda moja baada ya nyingine. Ndani yake umo mkanda wa chuma unaobanwa baina ya puli mbili, na mafuta yake hutengenezwa mahsusi ili yalainishe bila ya kuufanya mkanda uteleze. Ukitia mafuta ya otomatiki ya kawaida, mkanda huteleza, huchubua puli, na giaboksi nzima huwa ya kutupwa. Mwenye gari asikubali kauli ya kwamba mafuta yote mekundu ni mamoja. Na pale ambapo giaboksi imekaa miaka mingi bila ya kubadilishwa, fundi aimwage na kuijaza kwa utaratibu, wala asiisukume kwa mashine ya nguvu inayoweza kuuamsha uchafu wote kwa pamoja. Mafuta ya usukani, ya difu na maji ya betri nayo yana zamu zake, na anayeshika utaratibu wa manne tuliyoyataja hatayasahau hayo.

Liko suala jingine ambalo halimo ndani ya gari, nalo ni pale mafuta machafu yanapokwenda baada ya kumwagwa. Gereji zetu nyingi zipo kando ya barabara na chini ya miembe, na oili humwagwa ardhini. Tumesema kuwa ardhi yetu ni ya mawe yenye tundu. Linalomwagwa juu huteremka chini, na chini ndiko yaliko maji tunayoyanywa, katika visima vya vijijini na katika vyanzo vinavyoulisha mji. Dawa ya rejeta nayo ina utamu na ni sumu, na huweza kumuua mtoto au mnyama atakayeilamba. Itakuwa ni kichekesho kichungu kuyanusuru magari yetu kwa kuvitia sumu visima vyetu. Kila gereji ingekuwa na pipa lake, na kila manispaa na halmashauri ingekuwa na siku yake ya kuyakusanya mapipa hayo, tatizo hili lingepungua sana bila ya gharama ya kutisha.

Tunaomba sasa tuzungumze na watendaji wa Serikali, kwa heshima na kwa uwazi. Katika ofisi nyingi, fedha za kununua gari hupatikana kwa urahisi kuliko fedha za kulitunza. Gari jipya lina sherehe, lina picha gazetini, lina mkono unaokabidhi na mkono unaopokea. Kikopo cha mafuta ya breki hakina sherehe. Ndiyo maana kifungu cha matengenezo huwa cha kwanza kukatwa bajeti inapobana, na fomu ya dereva ikarudi mara mbili na jawabu la "hakuna kifungu". Lakini gari likifa, kifungu hutafutwa mpaka kikapatikana. Huo ni ubadhirifu, hata kama hakuna aliyetia senti mfukoni mwake. Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kuwa amana hurudishwa kama ilivyopokewa, na anayepewa gari la umma amepewa amana.

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila gari lililotumika linaponunuliwa na ofisi ya umma, mafuta na maji yake yote yabadilishwe kabla halijatoka kwenda kazini, na gharama hiyo ihesabiwe kuwa ni sehemu ya bei ya gari. Pili, kila gari liwe na daftari lake, likionyesha nini kimebadilishwa, lini, kwa kilomita ngapi na kwa mkono wa nani, na daftari hilo likaguliwe pamoja na daftari la safari. Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tatu, ukaguzi wa magari ya abiria upime na maji yaliyomo katika mafuta ya breki. Vipo vipimo vidogo vya kushika mkononi kwa kazi hiyo, na ukaguzi unaotazama taa na matairi peke yake haujatazama linaloua. Nne, dereva apewe dakika kumi za kila asubuhi za kufungua boneti, na neno lake liaminiwe. Mzee wa Pemba alijua kuwa gari lake ni bovu. Aliandika. Hakusikilizwa.

Kwa mafundi tuna neno la kirafiki. Wengi wenu mmejifunza kazi kwa jasho, chini ya fundi mkubwa, na ustadi wenu hatuna shaka nao. Lakini magari yamebadilika, na yaliyokuwa sahihi kwa gari la baba zetu yanaweza kuliua gari la leo. Vyuo vya mafunzo ya amali vya Unguja na Pemba vingefanya jambo jema kufungua madarasa mafupi ya jioni kwa mafundi walio kazini, ili kila mmoja ajue kusoma kitabu cha gari na kumweleza mteja ukweli, hata pale mteja anapotaka njia ya mkato.

Na kwa mwenye gari, tunamwomba asingoje Serikali. Mafuta anayotakiwa kuyanunua kwa mwaka mzima hayafikii hata kidogo thamani ya injini moja ya kubadilisha, na bei ya kikopo cha mafuta ya breki haiwezi kulinganishwa na mtoto mmoja anayegeuza karafuu kandokando ya barabara. Kesho asubuhi, kabla ya kuliwasha gari, na afungue boneti, avute kijiti cha oili akipanguse na kukitazama, aangalie rangi ya maji ya rejeta na rangi ya mafuta ya breki, kisha ajiulize swali ambalo fundi wa Chake Chake alimuuliza mzee yule: haya yamebadilishwa lini? Asiyekuwa na jawabu na achukue gari lake, aende polepole, mpaka kwa fundi.